Wimbo wa Sukari na Jina la Atupele

Jumamosi, 14 Julai 1956. Mbeya.
Nimebadilisha uzi wa tatu wa besi. Waya wa breki ya baiskeli unakata vidole lakini unadumu. Besi nimeitengeneza mwenyewe kwa mbao za makasha ya chai, na hakuna aliyenifundisha. Kisha nimepiga randa milango miwili ya Mhindi, nimeoga, nimekwenda Majengo kupiga dansi na bendi.

Wimbo ule umeombwa mara tatu. Hosea akawapa mara tatu.

Namchukia Hosea. Naandika hapa kwa sababu nikisema mahali pengine watacheka. Muziki ule ni wangu. Niliutunga mwezi wa pili, karakanani, baada ya Atupele kubeba sanduku lake na kurudi kwa baba yake Mbalizi. Niliutunga polepole, bila maneno. Kwa ujinga wangu nikampigia Hosea, nikamwambia wewe ndiye mwimbaji, tafuta maneno. Akayatafuta. Akaongeza mwendo mpaka watu wakaweza kuurukia, akaweka maneno ya mwanamume anayefungia sukari kwa kufuli na kumpimia mkewe kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka mke akachoka akaenda zake. Ubeti wa mwisho anaitwa huyo mke kwa jina. Atupele. Mistari minne, mara nne.

Ndiyo, nilipima sukari. Ratili mbili kwa mwezi, watu wawili, na wageni wake wasiokwisha. Nisingepima, tarehe ishirini tungekunywa chai chungu. Hilo Hosea hakulitia kwenye wimbo.

Simwezi. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Watani. Babu zetu walipigana vita, sisi tunalipana kwa matusi. Mtani akikutukana, unacheka. Ukikasirika, unatozwa faini, na watu wanakucheka upya.

Jumapili, 15 Julai.
Kanisani. Wakati wa kutoka, mzee wa kanisa kaniuliza kama nina kijiko cha sukari cha kumwazima. Mzee wa kanisa! Na Biblia kwapani.

Jumatano, 18 Julai.
Anyimike amekuja karakanani akitweta. Anyimike ndiye kiongozi wetu, anapiga gitaa la pili, na kazini ni karani, kwa hiyo barua za bendi zinapitia kwake. Mzungu wa kampuni ya santuri atafika Iringa mwanzo wa Agosti na mashine ya kurekodi. Anaita bendi za nyanda za juu. Sisi tumepewa wimbo mmoja. Ameutaja mwenyewe katika barua: ule wa sukari. Madereva wa malori wameubeba mpaka kwake.

Anyimike alicheza peke yake juu ya maranda. "Tutasikika mpaka Mombasa, bwana! Mpaka Mombasa!"

Mimi nikawaza Mbalizi. Mombasa simjui mtu.

Ijumaa, 20 Julai.
Shemeji kaja, kaka yake Atupele. Hakukaa. Nilimpa kigoda akakitazama tu. Tangu Mei mshenga wangu amekwenda kwao mara mbili, na mara ya pili walimpikia. Wazee walikuwa wamelainika. Atupele mwenyewe alikuwa amesema tuzungumze.

Sasa shemeji anasema, "Dada kasikia habari ya santuri. Anasema hivi. Kwenye klabu yenu imbeni, ulevi una mwisho wake asubuhi. Lakini jina lake likiingia kwenye santuri, usitume mtu tena. Hata mama yako akifufuka aje kwa miguu yake, mlango haufunguliwi."

Akaondoka. Nimeharibu mguu mmoja wa meza, nimekata kipimo kifupi. Sijawahi kukosea kipimo cha mguu wa meza.

Atupele hana kosa. Mimi pia nisingetaka jina langu lizungushwe kwenye kila kibanda cha pombe kuanzia Chunya mpaka Iringa na wachimba dhahabu wasionijua.

Jumanne, 24 Julai.
Nilimwomba Hosea kwa adabu. Nimeanza na habari za kwao, nikauliza mama hajambo, nikafika taratibu. Nikasema ndugu yangu, wimbo uache, mimi uniache humo, ila jina la mke wangu litoe.

Akafikiri. Nilidhani anafikiri kweli.

"Nitoe jina la Atupele nitie la nani, mtani? La yule mbwa mliyemla Jumapili, Wahehe ninyi?"

Wakaanguka wote kwa kicheko, maana ndio utani wa zamani, kwamba Wahehe tunakula mbwa. Mpiga ngoma alilala kabisa juu ya ngoma yake. Nikamshika Hosea ukosi. Kifungo kimoja kikatoka. Basi, hapo ndipo walipokuwa wanapataka. Anyimike akasimama kama hakimu: amemkasirikia mtani wake, jogoo mmoja.

Jogoo kapikwa palepale nyuma ya klabu. Hosea kanigawia shingo. "Kula, mtani. Tunakupimia."

Siku moja nitamvunja meno. Najua sitamvunja. Ni kuandika tu.

Jumamosi, 28 Julai.
Wapumbavu hawakuisoma barua mpaka mwisho. Nimeisoma mimi. Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu, hauongezeki hata kwa dua. Sisi klabuni wimbo ule tunaupiga dakika sita, na watu wakilewa unafika nane. Beti tano na viitikio vyake haviingii. Nimewaonyesha kwa saa yangu. Walinitazama kana kwamba dakika nimezipunguza mimi.

Nikasema ni rahisi, tunakata mwisho. Ubeti wa tano ndio ule wenye jina.

Hosea akasema, "Tukate wa pili na wa tatu." Ubeti wa pili una maneno mazuri, ya moshi wa asubuhi na mwanamke anayechota maji baridi Julai. Ni ya kwake Hosea na ni mazuri, nasema ukweli. Yuko tayari kuchinja maneno yake mazuri ili jina la mke wangu libaki. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Walipiga kura. Watatu kwa mmoja.

Jumapili, 29 Julai.
Nimepata njia. Sikwenda kanisani. Nimekaa na besi na saa. Besi ndiyo inayoshika mwendo. Mwimbaji hawezi kukimbia ikiwa besi inatembea. Nikivuta kidogo tu, ambacho hakuna sikio litakalokishuku, zile beti mbili zinazobaki mbele zinakula dakika tatu zote. Mzungu atanyosha kidole kwamba muda umekwisha, mashine itazimwa, na ubeti wa tano utabaki tumboni mwa Hosea.

Nimefurahi leo. Mara ya kwanza tangu Februari.

Jumatano, 1 Agosti.
Mazoezi ya mwisho. Nilivuta. Mpiga ngoma alinifuata bila kujua, kama ng'ombe anavyofuata njia. Anyimike akashika saa yangu. Dakika tatu zikaisha Hosea hajafungua mdomo kwa ubeti wa tano. Nilitazama juu, kwenye boriti, nisije nikacheka.

Tukarudia. Ikawa vilevile.

Hosea akaweka gitaa chini. Si mjinga, ndilo tatizo lake. "Mtani leo mzito. Kameza mbwa mzima." Kisha akasema taratibu, akinitazama usoni, "Ubeti wa mwisho uwe wa kwanza."

Kwa hiyo sasa Atupele anaitwa mwanzoni kabisa, mara nne, kabla mtu hajakaa vizuri. Nimefanya mambo kuwa mabaya kuliko yalivyokuwa.

Nikarudisha mwendo wa zamani, basi yaishe. Anyimike akakataa. Anasema ule wa polepole ni bora, unamkaa mtu kifuani. Wote wakakubali. Ndio mwendo niliotunga mwenyewe mwezi wa pili. Hosea aliuimba polepole na sauti yake ikageuka. Haikuwa tena ya kucheka mtu. Nilichukia sana kusikia ni nzuri.

Alhamisi, 2 Agosti. Njiani.
Lori. Tumekaa juu ya magunia ya mpunga, besi nimeifunga blanketi langu na mimi nimebaki na koti. Chimala vumbi. Makambako baridi ya kutoa machozi. Hosea kaimba njia nzima kwa abiria. Mama mmoja wa Kibena aliniuliza huyo mume bahili wanayemwimba yuko wapi siku hizi. Nikamwambia alikufa.

Ijumaa, 3 Agosti. Kihesa, Iringa.
Bendi yote imelala kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Hakuna pesa ya hoteli. Nilikuwa sijamwona shangazi tangu msiba wa mama. Kamwene, kamwene, salamu za kwetu, maji ya moto, ugali, mboga. Kaniangalia akasema nimekonda.

Jioni akanikuta peke yangu jikoni akauliza mke yuko wapi. Nikamwambia yote. Nilidhani atanihurumia.

"Ulimpimia sukari? Kwa kijiko?"

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akaita majirani wawili waje wasikie. Damu yangu mwenyewe. Nilitoka nikakaa kwenye rundo la kuni.

Baadaye akanifuata. Hakuwa anacheka tena. Akasema, "Wewe una mkono wa birika tangu unanyonya. Lakini yule ni mke wa nyumba hii. Mngoni hana ruhusa ya kumtembeza kwenye mashine." Akauliza kazi yetu inaanza saa ngapi. Nikasema saa nne. Akauliza Hosea analala upande gani. Nikamwonyesha.

Jumamosi, 4 Agosti. Iringa.
Niandike yote kabla hayajanitoka.

Asubuhi Hosea alikwenda kuoga uani nyuma ya uzio wa matete. Alipomaliza, suruali hamna. Shati hamna. Viatu hamna. Gitaa hamna. Akatoka amejifunga gunia. Uani wamekaa wanawake kumi na zaidi, na shangazi katikati, gitaa liko mapajani mwake kama mtoto mchanga. Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakabweka.

"Karibu, Mngoni," shangazi akasema. "Babu yako alipokimbia hapa aliacha ngao. Wewe umeacha suruali. Ukoo wenu hauna kitu cha kubakiza mwilini?"

Hosea akajaribu kucheka. Ni lazima acheke, ndiyo sheria. Baridi ya Iringa ya Agosti, na gunia limetoboka. Akasema, "Shangazi, nakuletea kuku."

"Kuku tunao."

"Ratili ya sukari, basi."

"Sukari tunayo, na hatupimi." Akanitazama mimi. Wanawake wakapiga tena vigelegele, safari hii vyangu.

Anyimike alikuwa anazunguka na saa yangu mkononi, saa tatu imepita, karibu kulia. "Mama, tafadhali, Mzungu hatusubiri!" Akaambiwa akae, yeye Mnyakyusa, ugomvi huu haumhusu.

Shangazi akataja fidia. Jina la mke wa mtoto wetu lisitoke katika mdomo wa Hosea mbele ya mashine. Si leo, si ikirudiwa. Akiapa, anavaa. Asipoapa, na aende akamwimbie Mzungu hivyohivyo na gunia.

Nilimwona Hosea anakasirika. Kidogo tu, kwenye taya. Wanawake wote wakainama mbele kumsubiri, maana akikasirika faini ya ugenini si jogoo. Akameza. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Akapewa suruali, gitaa mwisho.

Sikuwahi kufurahi hivyo maishani, na niliogopa furaha yenyewe.

Ukumbini. Madirishani wametundika mablanketi. Maikrofoni moja katikati, kama mchungaji. Mimi na besi tumewekwa mbali karibu na mlango, eti nina kelele. Mzungu kavaa vitu masikioni, hazungumzi, anaonyesha vidole. Tukaanza polepole. Ubeti ule wa kwanza. Mimi nilidhani Hosea ametafuta neno jingine. Njia nzima kutoka Kihesa alikuwa kimya, nikadhani anatafuta.

Hakutafuta. Alipofika mahali pa jina, akafunga mdomo. Akafunga kabisa, akanigeukia, akaniachia shimo mbele ya mashine inayozunguka. Kiapo hakikuvunjwa. Wimbo ndio uvunjike.

Mpiga besi haachi shimo. Si akili, ni vidole. Vilipiga noti nne palepale palipokuwa na jina. Mstari wa pili tena akafunga, tena nikapiga. Mara nne. Kisha akaendelea na kiitikio, sauti ileile ya kukaa kifuani, na tukamaliza Mzungu akiwa bado hajanyosha kidole.

Nilisema kwa sauti, hii imeharibika, turudie. Mzungu akatoa vitu masikioni, akainua dole gumba. "Hiyo hiyo," akasema. "Mzuri sana." Bendi nyingine ikawa inaingiza ngoma zake.

Jumapili, 5 Agosti.
Sikulala kwa kupiga hesabu. Jina halimo, sawa. Lakini kila mtu wa Mbeya aliyewahi kuingia klabuni anajua shimo lile ni la nani. Noti nne, silabi nne. Nimelitaja mimi kwa waya wa breki.

Hosea kaniambia barabarani, "Umepiga vizuri, mtani." Nadhani alimaanisha. Nikageuka upande wa pili. Hakuna sheria inayonilazimisha kujibu mtani anaponisifu.

Jumamosi, 24 Novemba. Mbeya.
Santuri imefika. Karatasi ya katikati imeandikwa jina la bendi tu. Aliyetunga muziki hayumo, na aliyefunga mdomo hayumo.

Anyimike kaiweka kwenye gramafoni klabuni. Sauti yetu ikatoka ndogo, kama inatoka ndani ya kopo. Ikafika shimo la kwanza, na klabu nzima, wanaume kwa wanawake, "Atupele!" La pili, "Atupele!" Wengine wamesimama juu ya mabenchi. La tatu walipiga na miguu.

Nikachukua kofia. Kila kitu bure. Jogoo, shangazi, Iringa, bure. Hosea alikuwa mlangoni, hakucheka. Akasema, "Mimi sikulitaja." Nikamwambia pisha. Akapisha.

Jumatano, 28 Novemba.
Wanaiuza mpaka Chunya. Fundi mwenzangu karudi huko na homa na wimbo. Sikumuuliza kitu.

Jumapili, 2 Desemba.
Nimekwenda Mbalizi mwenyewe, bila mshenga. Nilitaka niambiwe usoni, nimalize. Koti la kanisani, viatu vimepakwa dawa.

Duka la Mhindi karibu na gulio lina gramafoni barazani, anaiweka kuvuta wateja. Nilikuwa sijafika bado nikajua kinachopigwa. Nikasimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya mkokoteni wa ndizi. Wanaume wanane au tisa, wengine na mitungi ya mafuta ya taa mkononi. Shimo la kwanza likafika. Nikajikaza.

Mmoja akapiga kelele, "Sekela!" Mwingine, "Tumpe!" Mzee mwenye fimbo akasema jina la mtu, taratibu, sikulisikia, wenzake wakamgeukia wakamcheka na yeye akacheka. Shimo la pili wakabadilishana. Kila mtu na jina la mwanamke wake. Walidhani limeachwa kwa ajili hiyo. Hakuna aliyemtaja Atupele, na nyumba ya baba yake inaonekana kutoka pale.

Nikangoja mpaka mwisho, Mhindi akaigeuza.

Baba mkwe hakuwepo. Atupele alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinuka, hakunifukuza. "Ugonile." Nikaitika. Nikakaa kwenye ngazi, mbali naye kidogo. Kanenepa. Nimesahau maneno yote niliyoyapanga njiani.

Akasema ameusikia. Kila siku anausikia, Mhindi hana nyingine. Akasema jina lake halimo.

Nikasema halimo.

Akauliza, zile besi nne ni wewe? Nikasema ni mimi. Akasema alijua, napiga kama mtu anayebisha hodi.

Akachambua maharage. Mimi nikatazama mikono yake. Baadaye akasema mshenga anaweza kuja wiki ijayo, ila asiwe mtu wa bendi.

Mvua imenikuta Iyunga. Nimefika nyumbani nimelowa mpaka ndani. Nitamtuma yule mzee wa kanisa. Anapenda kuzungumza, na anajua kukaa kwenye kiti cha watu.